Arosto Kuisha Si Kupona

Tunapoelekea Juni 26, siku ya kimataifa ya kupiga vita dawa za kulevya, swali ambalo sisi tunaohudumia waraibu tunaulizwa zaidi na wazazi hapa Moshi ni hili: "Tulimrudisha kutoka Dar, tukamfungia kihambani (shamba la nyumbani) wiki tatu, arosto (mateso ya mwili ukikosa dawa) ikaisha, akanenepa kabisa. Mbona alipoondoka tu karudia unga (heroini)?"

Arosto ya heroini hupungua ndani ya wiki moja hivi, kwa dawa au bila dawa. Uraibu ni jambo jingine. Mtafiti wa Marekani Eric Nestler, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Yale na baadaye Mount Sinai jijini New York, amefuatilia kwa miaka mingi kinachotokea ndani ya seli za ubongo. Yeye na wenzake walionesha kwa panya kwamba dawa za kulevya zikitumiwa mara kwa mara, protini iitwayo Delta-FosB hujikusanya katika sehemu ya ubongo inayopokea dopamini, kemikali ya ubongo inayohusika na raha na hamu. Protini za jamii yake huvunjwa baada ya saa chache. Hii hubaki kwa wiki kadhaa tangu dozi ya mwisho, ikiwasha jeni fulani na kuzima nyingine. Hata ikishaondoka, baadhi ya mabadiliko hubaki. Ndiyo maana kijana aliyenenepa akipita tu kijiwe chake cha zamani, hamu inampanda upya.

Tahadhari: mengi ya haya yametoka maabara, kwa wanyama. Hakuna kipimo cha damu cha kuonesha kwamba mtoto wako "amepona ubongo". Tafadhali msituombe.

Linalotutisha zaidi ni hili. Wiki tatu za kufungiwa zinaupotezea mwili uzoefu wa dozi kubwa. Kijana akirudia kipimo chake cha zamani, upumuaji unaweza kusimama. Kumfungia bila mpango wa matibabu kunaweza kumuua, na tumelisema hili mara nyingi kuliko tunavyopenda.

Methadoni, dawa ya kutibu uraibu wa heroini iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011, si "unga wa serikali". Hutolewa bure, hukaa mwilini muda mrefu, na humwondolea mtu arosto bila kumpandisha na kumshusha kama heroini. Mteja huhojiwa, hupimwa mkojo, husajiliwa, kisha hunywa dawa ya maji mbele ya mhudumu kila siku. Akikosa siku kadhaa mfululizo harudishiwi dozi ileile. Hutathminiwa upya na huanzia chini, kwa usalama wake. Dozi ya kwenda nayo nyumbani huamuliwa na kliniki, wala barua ya mwenyekiti wa mtaa haibadilishi hilo, hata kama ni Krismasi.

Kuhusu sheria: mzazi anayemnunulia mwanawe kete (vipakiti vya unga) "za kumtuliza" naye anatenda kosa. Kuruhusu nyumba yako itumike kwa dawa hizo ni kosa pia. Chini ya Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 na marekebisho yake, kusafirisha heroini inayozidi gramu 200 ni kifungo cha maisha. Wanaobeba mirungi ya Same wakidhani ni majani tu, wapo waliofungwa miaka 30.

Anayetafuna mirungi au kuvuta bangi hapewi methadoni. Hiyo ni ya waraibu wa heroini na jamii yake. Huyo mleteni kwa ushauri nasaha, asubuhi, akiwa na ndugu mmoja. Si ukoo mzima.