Kiwango cha laini: sauti ya redio koli inayorekodika

Hapa Moshi watu wengi wa kazi ya mlima hurekodi redio koli kwa njia moja: wanasogeza simu karibu na spika, wanabonyeza, basi. Inanaswa sauti ya redio pamoja na gari linalopita, mlango unaobamizwa na maongezi ya waliokaa pembeni. Mwongoza watalii aliyeko kambi ya Barafu, juu Kilimanjaro, akitaja idadi ya wagonjwa, au saa waliyoanza kushuka kuelekea geti la Mweka, mara nyingi ni tarakimu hiyo hiyo inayomezwa. Dawa ni kuichukua sauti kwa waya ingali umeme, kabla spika haijaigeuza mtetemo wa hewa. Ukimpelekea fundi wazo hilo atakuuliza kama unataka sauti ya kiwango cha laini (line level).

Kiwango cha laini si tundu, wala si aina ya plagi. Ni makubaliano kuhusu ukubwa wa umeme unaobeba sauti kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Vyombo vya nyumbani hukutana kwenye volti 0.3 hivi, vya studio kwenye volti 1.2. Maiki iko chini mno, milivolti chache tu. Spika iko juu, kwa sababu umeme wake lazima usukume koni. Redio ya mkononi inayotoa nusu wati kwenye spika ya omu 16 inaipelekea volti 2.8. Redio koli ya gari yenye wati 4 kwenye spika ya omu 4 inaipelekea volti 4. Kwa hiyo waya wa spika unabeba mara tisa, kumi au zaidi ya kile ambacho tundu la laini la kinasa sauti linategemea. Kwenye tundu la maiki ni mamia ya mara.

Hapo wimbi la sauti linakatwa vilele. Niliwahi kuharibu mawasiliano ya usiku mzima namna hiyo: nilichomeka waya wa spika kwenye tundu la maiki, nikapunguza kipimo cha kurekodia mpaka mshale ukatulia, nikadhani nimemaliza. Mshale ulitulia kweli, lakini hatua ya kwanza ndani ya kinasa ilikuwa imeshazidiwa kabla umeme haujafika kwenye kipimo. Asubuhi nilikuta maneno yanakwaruza, na herufi "s" na "f" hazitofautiki. Sauti iliyokatwa vilele hairudi ilivyokuwa.

Kinachotakiwa ni kugawanya umeme ule, na rizista mbili, vipande vidogo vinavyozuia umeme, zinatosha. Sauti inapita kwenye rizista ya omu 10,000, kisha ya omu 1,000 inaunganishwa kutoka hapo kwenda kwenye ardhi ya waya, yaani upande unaorudisha umeme. Kinasa kinachukua kwenye makutano yao. Kinachobaki ni sehemu moja kati ya kumi na moja, yaani volti 2.8 zinakuwa kama 0.25. Hicho ndicho kiwango cha laini. Anayetaka kurekodi kwa simu kupitia tundu la hedifoni akumbuke kwamba pale panapokea maiki, si laini: rizista ya kwanza iwe omu 100,000, na iwekwe kapasita kwenye njia, inayopitisha sauti na kuzuia umeme usiobadilika, kwa kuwa simu yenyewe hutoa umeme mdogo wa kulisha maiki.

Wapo wanaosema punguza tu sauti ya redio. Siafikiani nao. Mvumo wa amplifaya haupungui sana unaposhusha sauti, kwa hiyo maneno yanazama ndani yake. Isitoshe, ofisini kuna mtu anayepaswa kusikia redio ile, na kila akigusa kitufe cha sauti rekodi yako inapanda na kushuka.

Redio za gari zina hatari nyingine inayogharimu pesa. Katika nyingi, hakuna waya wa spika ulio ardhi. Nyaya zote mbili zinasukumwa, mmoja ukienda juu mwingine unakwenda chini. Ukiunganisha mmoja na bodi ya gari, au na ardhi ya kinasa kinachochajiwa kutoka gari hilo hilo, unaweza kuunguza amplifaya. Pima kwa mita redio ikiwa inatoa sauti: kama kila waya unaonyesha karibu volti 6 dhidi ya bodi, kwenye gari la volti 12, basi ni redio ya namna hiyo. Tumia transfoma ndogo ya kutenganisha, inayopitisha sauti bila nyaya za redio na za kinasa kugusana, ya omu 600 kwa 600. Modemu za zamani za simu ya mezani zilikuwa nayo, na fundi mwenye vyuma chakavu anaweza kukung'olea moja. Transfoma hiyo pia inaondoa ule mlio wa altaneta unaopanda kila dereva anapokanyaga mafuta, na mvumo wa hertzi 50 ofisini.

Palipo bora kuliko waya wa spika ni soketi ya nyuma ya redio ya gari, pale mtengenezaji alipoiweka. Nyingi zina pini inayotoa sauti iliyopokelewa kwa ukubwa usiobadilika, iliyochukuliwa kabla ya kitufe cha sauti. Soma kitabu cha redio yako, kwa sababu mpangilio wa pini unatofautiana. Usiichanganye na pini ya data inayotoa sauti ghafi: hiyo haijapunguzwa sauti nyembamba za juu ambazo redio ya FM huziongeza wakati wa kurusha, na kituo kinaponyamaza inamwaga kelele mfululizo.

Bado kuna jambo ambalo waya mzuri haulitatui. Ukibonyeza kitufe uongee, spika ya redio yako inanyamaza, na pini ile pia kwa kawaida haina kitu. Rekodi inabaki na upande mmoja: mlima unajibu maswali ambayo hayasikiki. Ninachofanya ni kuweka redio ya pili ya mkononi kwenye chaneli hiyo hiyo, kazi yake ikiwa kusikiliza tu, mita kadhaa kutoka kwenye antena inayorusha. Inasikia mlima na inasikia ofisi. Waya wake uwe mfupi, wenye kinga, na upitishwe ndani ya pete ya feraiti, la sivyo mawimbi ya redio inayorusha yatauingia na kuacha mgurumo kila mtu wa ofisini anapoongea. Kinasa kiwe na betri yake chenyewe.

Watu wa pande zote waambiwe kwamba wanarekodiwa. Kisha mwombe aliye getini aongee kawaida, halafu apaze sauti kama mtu anayepambana na upepo, na upange vilele vya sauti hiyo kubwa viishie kwenye desibeli 12 chini ya kikomo cha kinasa.