Nauli ya kwenda kumuaga mgonjwa: dhana potofu katika familia za Wainuit

Nunavut, eneo la Wainuit (wenyeji wa asili wa Aktiki) kaskazini mwa Kanada, ina vijiji na miji 25, na hakuna barabara inayounganisha hata viwili. Mgonjwa akizidiwa katika kijiji cha Pangnirtung hupelekwa Iqaluit, mji mkuu wa Nunavut, kwa ndege. Ikishindikana huko, Ottawa, kilomita zipatazo 2,100 kusini. Mgonjwa wa mkoa wa Kivalliq hupelekwa mji wa Winnipeg. Ndugu waliobaki hawana njia nyingine ila ndege, tena ya bei ghali.

Dhana: "Serikali imemsafirisha mgonjwa, na sisi itatulipia."
Mpango wa afya hulipia mgonjwa na, ukikubali, msindikizaji, kwa mfano wa mtoto au mzee anayehitaji mkalimani. Kwenda kuaga hakuhesabiwi safari ya matibabu. Hapa ndipo siku zinapotea, familia ikibembeleza ofisi isiyo na fungu hilo. Pa kuanzia kuuliza ni chama cha Wainuit cha mkoa: Qikiqtani, Kivalliq au Kitikmeot. Nunavik, kaskazini mwa Quebec, ina utaratibu wake tangu mkataba wa ardhi wa 1975, kwa hiyo fomu za Nunavut hazifai kule.

Dhana: "Tukate tiketi, tutarudishiwa."
Idhini kwanza. Ukishajilipia, huenda pesa hiyo isirudi kabisa.

Dhana: "Barua yoyote ya hospitali inatosha."
Barua inayosema tu "amelazwa" haimwambii afisa kwamba muda umekwisha. Mwombe daktari au muuguzi aandike wazi kuwa mgonjwa yu mahututi au hatarajiwi kupona, yuko hospitali gani, tarehe, na simu ya kuthibitishia. Usione haya kumwomba aandike neno hilo zito, maana ombi lote linasimama juu yake.

Kinachofuata ni kuthibitisha undugu wako na mgonjwa. Wainuit wengi wamelelewa kwa kuasiliwa kimila, yaani kuchukuliwa na wazazi wengine kwa desturi, hivyo jina la ukoo la mtoto na la mama mzazi anayekufa hutofautiana. Sheria ya 1994, ambayo Nunavut iliirithi, inatambua uasili huo na kutoa cheti, kiambatishe. Angalia pia tahajia: jina lenye *q* kwenye kitambulisho likiandikwa *k* kwenye tiketi, litakukwamisha kaunta.

Dhana: "Tutalala anapolala msindikizaji."
Nyumba za wagonjwa, kama Larga Baffin ya Ottawa, zipo kwa ajili ya mgonjwa na msindikizaji aliyeidhinishwa. Uliza malazi kabla ya kupanda ndege.

Dhana: "Malipo ya bima ya ajira ya kumuuguza ndugu ni nauli."
Hayo hufidia mshahara: asilimia 55, kwa kiwango kisichozidi kikomo, hadi wiki 26. Tiketi haimo.

Hata tiketi ikitoka, ukungu au tufani ya theluji huweza kufunga uwanja siku nzima. Wakati mnasubiri, mpigieni muuguzi wa wodi, mwombeni aweke simu sikioni mwa mgonjwa, mzungumze naye Kiinuktituti, lugha ya Wainuit.