Si kila mchezaji anayeondoka ameuzwa

Hapa Kisumu timu ndogo ya mpira ikipoteza wachezaji wake wakali na kocha, wengi huamini mwenyekiti amewauza akala pesa. Inaeleweka, lakini mara nyingi hakuna hata shilingi imeingia. Mkataba ukibakisha miezi 6, sheria za kimataifa zinamruhusu mchezaji kusaini na klabu ingine, na ukiisha anaenda bure kabisa, sasa ongeza mshahara kuchelewa, nani atabaki kweli? Kocha naye akihama huwa anabeba wasaidizi wake, saa zingine anaita na vijana wake. Ukitaka kucheki, tafuta post ya siku mchezaji alisainiwa, uone alipewa miaka mingapi, halafu uhesabu. Ukipata mkataba ulikuwa bado unaendelea akihama, hapo sasa uliza pesa ziko wapi.