Kumtambua kipozamataza wa Dida Galgalu kabla joto halijakudanganya

Kaskazini mwa mji wa Marsabit, barabara ya kwenda Moyale inakatisha Dida Galgalu, uwanda wa mawe meusi ya volkano usio na kivuli. Humo anaishi kipozamataza wa Williams, ndege mdogo wa ardhini wa Kenya pekee, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1956. Kwingine anakojulikana ni kati ya Isiolo na Garba Tula, basi. Kwa hiyo kila taarifa ya kumwona ni ya thamani, mradi iwe na ushahidi.

Adui wa ushahidi huo ni joto. Ikifika saa tatu au nne asubuhi mawe yameshachemka. Hewa inayogusa ardhi huwa ya moto na nyepesi kuliko ya juu yake, na mwanga unaopita humo hupinda. Ndiyo mazigazi yanayofanya jangwa la Chalbi, upande wa magharibi, lionekane limejaa maji. Hewa hiyohiyo humtikisa ndege kwenye darubini hadi michirizi ya kifua ikapotea. Darubini yenye nguvu zaidi hukuza na mtikisiko pia. Ya 8×42 (inayokuza mara 8, yenye lenzi za milimita 42) inatosha, msogelee polepole.

Anza saa kumi na mbili na nusu. Shida ya saa hizo ni upepo wa kusini-mashariki, unaobanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya na kuvuma kwa nguvu usiku hadi asubuhi. Tembea jua likiwa mgongoni, kisha kila baada ya hatua 50 simama, geukia upepo usikilize. Ukirekodi sauti, ikinge simu kwa mwili wako.

Usitegemee rangi ya mgongo: wapo wa kahawia iliyoiva na wapo wekundu. Ngoja aruke, uangalie manyoya meupe ya pembeni mwa mkia. Kipozamataza wa aina nyingine wa uwanda huohuo, mwenye weusi kuzunguka mdomo kama barakoa, ana mdomo mnene wa rangi ya waridi. Piga picha ya uso, ya kifua na ya mkia, moja haitoshi.

Mvua za Machi hadi Mei zikinyesha vizuri, Chalbi hufurika kweli. Tahadhari na gari: ganda la chumvi hukauka juu huku tope likibaki chini, na magurudumu huzama. Kwenye chemchemi za Kalacha, firigogo (ndege wa nchi kame anayefanana na njiwa) dume huingia majini na kulowesha manyoya ya tumbo ili awapelekee makinda maji. Tafadhali usisimame kati yao na maji, hata kwa picha nzuri namna gani.

Taarifa ipelekwe Kenya Bird Map, mradi wa kuweka ndege wa Kenya kwenye ramani. Ramani yake ina miraba ya dakika 5 kwa 5 za latitudo na longitudo, takriban kilomita 9 kila upande. Orodha kamili hutaka angalau saa 2 za kutazama, na ndege wa kawaida nao waandikwe.