Mazungumzo na Korea Kaskazini hayakuanza 1998

Wengi huamini kwamba Korea Kusini ilianza kuzungumza na Kaskazini mwaka 1998, Kim Dae-jung alipoingia madarakani na sera yake ya "mwanga wa jua", yaani ya kuikaribia Kaskazini kwa urafiki. Sivyo. Rais wa awali wa Kusini, Park Chung-hee, jenerali aliyewapinga wakomunisti maisha yake yote ya utawala, na ambaye makomando wa Kaskazini walitumwa kumuua Januari 1968, ndiye aliyemtuma Pyongyang, mji mkuu wa Kaskazini, kwa siri mkuu wake wa ujasusi, Lee Hu-rak, Mei 1972. Tarehe 4 Julai pande zote mbili zikatoa tamko la pamoja. Rais Roh Tae-woo, naye jenerali mstaafu, alifikia mapatano na Kaskazini ya kutoshambuliana Desemba 1991. Alichoongeza Kim Dae-jung, na ni kikubwa kweli, ni viongozi wenyewe kukutana ana kwa ana, Juni 2000.