Je, wajua barafu ngumu kama jiwe hutembeaje?

Mwezi Mei 1848 mmishonari Johannes Rebmann aliona weupe juu ya Kilimanjaro. Kiongozi wake hakuwa na jina la kitu kile ila moja: baridi. Habari ilipofika London, mwanajiografia William Cooley aliikataa katakata. Theluji karibu na Ikweta itoke wapi? Lakini barafu haijali Ikweta. Inachotaka ni mahali ambapo theluji ya mwaka huu haijaisha kuyeyuka na nyingine inaanguka juu yake.

Theluji mpya ni nyepesi kwa sababu sehemu kubwa yake ni hewa. Ikilaliwa na nyingine mwaka hadi mwaka, hushindiliwa kama pamba guniani: hewa hutoka, punje hushikana, mpaka inabaki barafu yenye viputo. Kwenye milima ya Alps, Ulaya, kazi hiyo huchukua miongo. Antaktika, penye theluji haba na baridi isiyolegea, karne.

Unene ukifika makumi ya mita, uzito huanza kuilemea barafu yenyewe. Kitu unachokivunja kwa nyundo sasa kinatiririka, polepole kuliko asali, kwa kuwa fuwele zake zinapinda na kuteleza ndani kwa ndani. Chini pakiwa na maji, barafu yote huteleza juu ya mwamba. Barafu ya Jakobshavn, huko Greenland, ilipita kasi ya mita 40 kwa siku katika kiangazi cha 2012.

Barafu inayoshuka bondeni huitwa mto wa barafu, na husaga mawe kama msasa. Bonde la Teleki, Mlima Kenya, lilichongwa hivyo, ndiyo maana sakafu yake ni pana na kingo zimesimama. Greenland na Antaktika zina kitu kingine kabisa: barafu iliyofunika milima na mabonde, mahali pengine kwa unene wa zaidi ya kilomita 3.

Na ya Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro? Ile ya kileleni imekaa juu ya tambarare, imegandia mwamba, na karibu haitembei. Kingo zake ni kuta wima. Haishuki kwenda kufia chini. Inaishia palepale, nyingine ikigeuka mvuke moja kwa moja kwenye jua na hewa kavu bila hata kuwa maji. Mwaka 1912 mlima ulikuwa na takriban kilomita za mraba 12 za barafu. Kufikia 2007 zilibaki chini ya 2.