Usajili wa soka ya watoto Sydney: mambo ambayo wazazi wetu wanayachanganya

Usajili wa msimu wa baridi umeanza katika vyama vya soka vya jamii hapa New South Wales, na malalamiko yameshafika mezani kabla hata ya mechi ya kwanza. Mengi yanatoka kwa wazazi wetu wanaozungumza Kiswahili, hasa familia zilizotoka Kongo na Burundi zikapitia kambi za Tanzania, Kenya na Uganda. Kwa kuwa ninashughulikia usajili katika eneo la magharibi mwa Sydney, nimeombwa nitoe ufafanuzi kwa lugha yetu.

Lalamiko la kwanza ni "klabu imejaa". Ni kweli, zinajaa, na zinajaa mapema kuliko zamani. Soka ndiyo mchezo wa timu unaochezwa na watu wengi zaidi Australia, ingawa ukitaja "footy" Melbourne utaeleweka kuwa unasema mpira wa yai, yaani ule wa kanuni za Australia. Halafu likaja Kombe la Dunia la Wanawake la 2023. Agosti 12 Matildas, timu ya taifa ya wanawake ya Australia, waliitoa Ufaransa kwa penalti 7 kwa 6 mjini Brisbane, na nusu fainali yao na England siku nne baadaye ilitazamwa na wastani wa watu zaidi ya milioni 7 kwenye televisheni. Mabinti waliotazama mechi ile sasa wako kwenye foleni yetu. Viwanja havikuongezeka kwa kasi hiyo. Vingi ni vya halmashauri, kiangazi vinachezewa kriketi, na vyumba vya kubadilishia nguo vilijengwa bila kuwafikiria wasichana. Kwa hiyo mzazi anayesubiri hadi Aprili, mechi zinapoanza, asishangae kukosa nafasi. Klabu hazimbagui mtu kwa hilo. Amsajili mtoto Januari au Februari.

La pili linanisumbua zaidi, kwa sababu linahusu usalama wa mtoto. Wazazi wengi wanaona usajili ni urasimu: "Ni mpira tu, aingie acheze, karatasi zitafuata." Hapana. Mtoto ambaye usajili wake haujakamilika hana bima. Akivunjika mguu Jumamosi saa tatu asubuhi, hakuna dai litakalopokelewa Jumatatu. Msimu uliopita nilimwona mama mmoja langoni akiwa na faili la plastiki lenye cheti cha chanjo, ripoti ya shule, barua ya kliniki na hata kadi ya maktaba. Mwanawe alikuwa tayari amevaa njumu na vikinga ugoko. Ila fomu ya mtandaoni ilikuwa imeishia ukurasa wa malipo, na jina lake halikuwa kwenye orodha ya timu. Kijana alikaa kwenye benchi dakika zote, jezi ndani ya koti. Iliniuma, na bado ningemzuia tena.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mzazi anafungua akaunti kwenye Play Football, mfumo wa usajili wa mtandaoni, na kujaza jina kama lilivyo kwenye pasipoti au hati ya kusafiria, herufi kwa herufi. Anaweka picha ya uso, anachagua klabu, kisha analipa. Klabu inahakiki, chama kinathibitisha, na hapo tu ndipo mchezaji anakuwa halali. Klabu ikimchezesha asiye halali, kwa kawaida inapoteza mechi kwa mabao 3 kwa 0 hata kama ilishinda uwanjani, na inaweza kutozwa faini, naye kocha akafungiwa. Adhabu hizi tunazitoa. Si vitisho vya kwenye karatasi.

Kuhusu umri, naomba tuelewane vizuri. Watoto wengi waliokuja kama wakimbizi wameandikiwa Januari 1 kwenye viza, na kila mwaka wazazi wanakuja kuniambia tarehe hiyo si ya kweli. Najua. Lakini madaraja yetu yanapangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kwa hiyo siku na mwezi havibadilishi chochote. Kama mwaka ndio umekosewa, marekebisho yanafanywa na idara ya serikali inayoshughulikia uhamiaji. Sisi hatuna mamlaka hayo, na kocha hana. Na wale wanaoshusha miaka ili mtoto ang'are kati ya wadogo, waache. Kijeba akimgonga mtoto wa miaka tisa, anayeumia ni mtoto wa mtu.

Kwa aliyetimiza miaka 10 na hana uraia wa Australia, FIFA inadai nyaraka za ziada: utambulisho wake, wa wazazi, na ushahidi wa makazi. Kama aliwahi kusajiliwa na klabu katika nchi nyingine, inahitajika pia hati ya uhamisho wa kimataifa. Hati hiyo inaombwa na Football Australia, shirikisho la soka la taifa, kwa shirikisho la nchi ile, mzazi hatakiwi kumlipa wakala wala kumtuma ndugu Bujumbura. Kucheza mtaani au kambini si kusajiliwa. Masharti haya yaliwekwa kuzuia biashara ya watoto wanaosafirishwa kwa jina la soka, kwa hiyo jibuni fomu kwa ukweli na mvumilie wiki kadhaa.

Ada nayo. Inagharamia bima, waamuzi, taa na viwanja, na sehemu yake inakwenda kwenye shirikisho la jimbo na la taifa. Familia zinazopokea Family Tax Benefit, yaani msaada wa serikali kwa wenye watoto, zina haki ya vocha ya serikali ya jimbo ya dola 50, mara mbili kwa mwaka. Ombeni vocha kabla ya kulipa.

Hijabu inaruhusiwa. Sheria za mchezo zilikubali vifuniko vya kichwa tangu 2014, mradi visishikane na jezi. Bangili, hereni na cheni haziruhusiwi, hata zikifunikwa kwa plasta.

Wengi wananitajia Nestory Irankunda, aliyezaliwa Kigoma kwa wazazi Warundi, akakulia Adelaide, na mwaka 2024 akajiunga na Bayern Munich. Wengine humtaja Awer Mabil, mchezaji wa Australia aliyezaliwa kambi ya Kakuma, Kenya. Nawaelewa kabisa, nami nafurahi kuwaona. Lakini mtoto wa miaka sita kwetu anacheza wanne kwa wanne, bila kipa, kwa mpira namba 3, na hatuweki msimamo wa ligi kwa madaraja yote hadi lile la chini ya miaka 11, nalo likiwemo. Msimpigie kelele za "piga!" kutoka pembeni. Wiki ya kwanza mwamuzi ataongea nanyi. Akirudia kuongea, mzazi anaondolewa uwanjani na klabu inaandikiwa barua.

Wanaotaka kuwa makocha au mameneja wa timu, na tunawahitaji sana, waombe sasa Working With Children Check, yaani kibali cha kufanya kazi na watoto. Kwa wanaojitolea ni bure, inadumu miaka mitano, na kitambulisho kinahakikiwa Service NSW, ofisi ya huduma za serikali ya jimbo. Kama Kiingereza kinawapa shida, pigeni 131 450, huduma ya ukalimani ya serikali, muombe mkalimani wa Kiswahili, kisha mpeni namba ya simu ya klabu yenu.